Dumu la alizeti kwenye kioo cha simu

Aliyewahi kusafiri kwa basi kati ya Dodoma na Mwanza anaijua Singida hata kama hajawahi kushuka. Basi likipunguza mwendo tu, madirisha yanazingirwa. Kuku wa kienyeji waliofungwa miguu wananing'inizwa juu, madumu ya mafuta ya alizeti yanainuliwa, chupa za asali ya Itigi na Manyoni zinagongwagongwa kwenye kioo. Muuzaji ana dakika mbili, pengine tatu. Katika muda huo aonyeshe mali, ataje bei, apunguze, apokee hela, kisha arudishe chenji huku akikimbia sambamba na gari. Hilo lilikuwa tangazo la biashara la Singida kwa miaka mingi, na nathubutu kusema lilikuwa tangazo zuri, kwa sababu mteja aliiona mali yenyewe na kumtazama mwenye mali usoni.

Ukitaka kuielewa historia ya pesa za matangazo ya mitandao ya kijamii katika mkoa huu, anzia hapo dirishani. Karibu kila kilichofuata kilikuja kujibu swali lililombakia muuzaji yule basi lilipotokomea: wale abiria wamekwenda wapi, na nitawapataje tena?

Zamani majibu yalikuwa machache. Gari la spika lilizunguka mitaani, na stendini mpiga debe aliuza sauti yake. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha matangazo ya biashara nchi nzima, lakini mwenye mashine moja ya kukamua alizeti kule Ikungi angepata wapi fedha za kulipia sekunde za redio ya taifa? Sauti ya mbali ilikuwa ya viwanda na mashirika. Mwenye kuku kumi alibaki na koo lake.

Intaneti ilipofika mjini ilifika kama chumba: kafe yenye kompyuta chache, unalipia muda, unafungua barua pepe na mtandao wa kijamii wa Hi5, unaondoka. Wakati huohuo, Septemba 2005, mpiga picha Issa Michuzi akiwa Helsinki alifungua blogu yake kwa msaada wa mwanablogu Ndesanjo Macha, na baadaye matangazo ya kampuni yakakaa pembeni mwa picha zake. Watanzania wengi wakaona kwamba picha iliyowekwa mtandaoni inaweza kumlisha aliyeipiga. Hata hivyo hiyo ilikuwa pesa ya Dar es Salaam, ya mtu mwenye jina na wadhamini wakubwa. Singida ilikuwa mtazamaji.

Mambo yalibadilika kwa waya na kwa bando. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, na mwaka huohuo ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kuisogeza kasi hiyo bara. Facebook nayo ilipata sura ya Kiswahili mwaka 2009. Januari 2014 Tigo iliwafungulia wateja wake Facebook ya Kiswahili bila kukata salio, na Oktoba 2014 ukaja mpango wa Internet.org wa kufungua baadhi ya tovuti bure. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2015, Halotel ilianza kazi ikiwa imesimamisha minara hadi vijijini. Naupa uzito mwaka ule wa 2014 kuliko mingine. Kitu cha bure ndicho kilichowaingiza watu, na mtu akishaingia huwa amekuwa sehemu ya bidhaa: macho yake yanaweza kunadiwa.

Nasema kunadiwa kwa maana yake halisi. Tangu Facebook ilipoanzisha mfumo wake wa matangazo Novemba 2007, biashara yake ni mnada, na mnada si neno geni kwa mtu wa Singida. Mnadani ng'ombe anasimamishwa, dalali anataja, wanunuzi wanapandishiana, mwenye dau la juu anaondoka na ng'ombe. Huku kinachonadiwa ni nafasi mbele ya macho yako. Kila unapofungua ukurasa, kabla picha hazijajitokeza, mashine inawashindanisha wote wanaoitaka nafasi ile na kumpa mmoja wao. Ila kuna tofauti moja kubwa, na ndiyo iliyompa mdogo pumzi: dau peke yake halishindi. Mashine inakadiria pia kama wewe utasimama, utabonyeza au utauliza, na inaangalia kama watu huwa wanalikimbia tangazo la namna ile. Kwa hiyo picha ya mafuta yakimiminika mashineni, iliyopigwa juani na mtu anayeijua alizeti, inaweza kumpita tajiri aliyeweka bango baridi lisilosema kitu.

Lakini mnada huo unalipwa kwa thamani ya dola, na katika zizi lilelile zimo kampuni za simu, benki na kampuni za kubahatisha. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa karibu shilingi 1,650. Katikati ya 2024 ilikuwa imevuka 2,600. Tangazo lilelile la dola ileile likawa limempandia muuzaji wa Iramba kwa zaidi ya nusu, wala hakuna aliyemtangazia kupanda huko. Mwaka huo wa 2024 kampuni ya Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, iliingiza zaidi ya dola bilioni 160 kwa matangazo peke yake.

Kikwazo cha kwanza kwa muuzaji wa Singida kilikuwa kulipa. Kulipia tangazo, au kuboosti kama vijana wanavyosema, kulitaka kadi ya benki inayonunua mtandaoni. Kijijini palikuwa na M-Pesa, iliyoanza nchini 2008, kisha Tigo Pesa na Airtel Money, na hizo mfumo wa Facebook haukuzipokea. Kadi za mtandaoni zinazojazwa kutoka pochi ya simu zilichelewa kuja. Katika pengo hilo akaingia winga.

Winga, kwa asiyemjua, ni mtoto wa Kariakoo, Dar es Salaam: hana duka wala mzigo, ila ana simu, ana maneno na ana wateja. Anapiga picha mali ya mwenzake, anaiposti, anaongeza chake juu. Mtindo huo ulipoufikia ukurasa wa Instagram, maneno "alizeti ya Singida", "kuku wa Singida" na "asali ya Itigi" yakawa bidhaa yenyewe. Jina la mkoa ndilo lililomfanya mama wa Kimara au Mbezi asimame kidole kikiwa kwenye kioo. Dumu lilitoka mashineni kwa bei ya shambani, likafika jijini kama mzigo wa jumla, na thamani iliyoongezwa na lile neno Singida ikabaki kwa mwenye peji. Simlaumu winga; alilipia bando, alijibu komenti usiku wa manane, alibeba hasara ya dumu lililovuja. Lakini inaniuma kuona mkoa ambao serikali mwaka 2021 iliuweka mbele, pamoja na Dodoma na Simiyu, katika kampeni ya kilimo cha alizeti, ukikopesha jina lake miaka yote hiyo bila kulipwa.

Jina lilirudi nyumbani kupitia WhatsApp. Februari 2017 stetasi za picha na video za saa 24 ziliingia. Desemba mwaka huo Facebook ikaruhusu tangazo ambalo mtu akilibonyeza anaingia moja kwa moja kwenye mazungumzo ya WhatsApp, na Januari 2018 ikaja WhatsApp Business yenye maelezo ya biashara na majibu ya haraka. Kwa wenzetu wa mbali huenda hayo ni marekebisho madogo. Kwetu yalikuwa makubwa, kwa kuwa mnunuzi wa Kitanzania haweki kitu kikapuni akalipa kimya kimya. Anasalimia kwanza. Anauliza kama kuku ni wa kienyeji kweli au wa kuchanganya, mafuta yamechujwa au la, na bei ya mwisho ni ngapi. Dirisha la basi lilikuwa na mazungumzo. Peji ya picha tupu haikuwa nayo. WhatsApp ikayarudisha, na safari hii gari haliondoki.

Bado palikuwa na suala la kuaminiana. Katika nchi ambayo kila mwenye simu amewahi kupokea ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", nani atamtumia hela mtu asiyemjua, aliye karibu kilomita 700 kutoka kwake? Jibu halikutoka kwenye programu yoyote. Lilitoka stendini. Muuzaji anafunga dumu, analiandika jina na namba ya simu kwa kalamu nene, analikabidhi ofisi ya basi, anapiga picha risiti na namba ya gari na kumtumia mteja. Mteja anatuma kianzio, anamalizia mzigo ukishuka Mbezi. Vifurushi vya mabasi vilikuwepo kabla ya Facebook, na bila hivyo naamini tangazo lolote la Singida lingeishia kupata laiki tu. Anayehesabu faida ya matangazo ya mtandao katika mkoa huu amhesabu na kondakta.

Ipo pesa ya namna nyingine, ile inayolipwa na mtandao wenyewe kwa anayetengeneza video. YouTube ilianza kugawana mapato na watengenezaji mwaka 2007, na kwa video ndefu za kawaida humwachia mwenye video asilimia 55 ya mapato ya matangazo. Vijana wa kwaya, wa ngoma za Kinyaturu na Kinyiramba na wa habari za mitaani waliisikia habari hiyo, hasa mwanamuziki Diamond Platnumz alipovuka mitazamo bilioni moja mwaka 2020. Njia yenyewe ina hatua ambayo huwa inanigusa. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma barua ya karatasi yenye tarakimu sita za kuthibitisha anwani. Mtu aliyerekodi, akahariri na kurusha video kwa simu ya kiganjani anajikuta akiulizia barua kwenye sanduku la posta, mara nyingi la shule, la kanisa au la ofisi ya jamaa. Kisha asubiri hadi zitimie dola 100 ndipo alipwe. Na kwa kuwa watangazaji hutoa dau dogo kwa mtazamaji wa Tanzania kuliko wa Marekani au Uingereza, video inayochekesha Singida nzima inaweza kuchukua miezi kufika huko.

Mwaka 2018 mlango huo ulibanwa pande mbili kwa pamoja. Januari YouTube ilitangaza kwamba hataruhusiwa kupata pesa za matangazo mwenye wafuasi chini ya 1,000 au saa chini ya 4,000 za kutazamwa kwa mwaka. Machi zikatoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ikataka wenye blogu na televisheni za mtandaoni wawe na leseni: shilingi 100,000 za maombi, milioni moja za leseni na milioni moja nyingine kila mwaka. Kwa kampuni ya Dar es Salaam hiyo ilikuwa gharama. Kwa kijana wa Kiomboi mwenye simu moja na kiguu cha kamera, ilikuwa zaidi ya mtaji wote. Ada zilikuja kupunguzwa baadaye, lakini naamini wapo walioacha mwaka ule na hawakurudi.

Kodi nayo ikafuata. Juni 2022 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi na hivyo mtu wa mkoa huu, alisoma bajeti iliyoleta kodi ya asilimia 2 kwa kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali nchini, kuanzia Julai mosi. Hoja ilikuwa ya haki: fedha za matangazo zinaondoka nchini na hazina haina budi kupata chochote. Mwaka 2024 ikaongezwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui wa ndani. Tofauti iliyopo ni kwamba kampuni kubwa inaweza kuusogeza mzigo kwa mnunuzi wa tangazo, na muuza kuku hana wa kumsogezea.

Wakati huo lile dirisha la zamani lilizidi kufinyaa. Oktoba 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku baada ya takribani miaka 30. Abiria anayepita Singida saa nane usiku amelala, pazia limefungwa, na hakuna kuku atakayemwamsha. Simu ya muuzaji ndiyo iliyobaki macho.

Na hata humo nafasi ya bure inapungua. Stetasi ilikuwa uwanja ambao mama wa Ikungi hakuulipia zaidi ya bando lake: anaposti video ya alizeti ikiingia mashineni asubuhi, hadi jioni wateja wake wameiona, hakuna mnada katikati. Juni 2025 Meta ilitangaza kwamba matangazo ya kulipia yataingia humo pia, yakikaa kati ya stetasi za watu.

Miezi minne baadaye, Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikachukua siku kadhaa kurejea. Tangazo lililolipiwa na la bure vilikuwa sawa. Simu za kawaida ziliendelea, na kwa hiyo aliyekuwa amewaandika wateja wake kwenye daftari, jina, namba na idadi ya madumu wanayochukua kwa mwezi, aliweza kuwapigia mmoja mmoja. Aliyewaacha wote ndani ya peji alisubiri.