Sekenke na Malisho ya Wembere: Metali Nzito katika Historia ya Nyanda za Kati

Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15. Dhahabu hiyo ilitoka Sekenke, Iramba, mgodi ulioanza uzalishaji mwaka 1909 pembezoni mwa mbuga ya Wembere. Sarafu hizo zimeandikiwa mengi. Mchanga uliobaki baada ya mawe kusagwa haukuandikiwa kwa kiasi hicho, ingawa Wembere ni malisho.

Pengo hilo, kwa maoni ya mtafiti, lilitokana na mgawanyo wa kazi za serikali zaidi kuliko nia ya kuficha. Maabara ya mifugo ya Mpwapwa, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilikabiliwa na sotoka, ndigana na maradhi ya mbung'o. Walioisimamia migodi walihesabu wakia. Ng'ombe aliyekonda jirani na mgodi alikuwa tayari na sababu nyingi za kufa zenye majina: kupe, ukame, njaa. Risasi nayo humkondesha mnyama polepole, dalili ambayo ni rahisi kuidhania kuwa ya kiangazi. Kwa hiyo ukimya wa majalada hauwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa usalama.

Kiangazi chenyewe huongeza hatari. Nyasi zikiwa fupi, mnyama humeza udongo pamoja nazo, na hulamba ardhi ya chumvi. Risasi hukaa mifupani kwa miaka, kadimi hujilimbikiza katika figo. Kupima majani peke yake hakutoshi.

Siku hizi wachimbaji wadogo wa ukanda wa Shelui huchenjua kwa zebaki kwenye mialo, na marudio hubaki juu ya ardhi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, nao unazihimiza nchi wanachama kubaini maeneo yaliyochafuliwa. Ugumu wa kazi hiyo ulionekana Tarime. Mwezi Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara hadi mto Tigithe. Wakazi walidai kuwa watu na mifugo walikufa, kampuni ikakanusha. Katika mabishano ya namna hiyo, asiye na kipimo cha hali ya awali hushindwa kabla ya kusikilizwa, na mara nyingi huyo ni mfugaji.

Kwa Wembere, kipimo hicho huenda kikapatikana katika tope la Ziwa Kitangiri, linalopokea maji ya mbuga hiyo. Ziwa hilo ni la kina kifupi na matabaka yake yanaweza kuwa yamevurugika. Hata hivyo, tope lililotangulia mwaka 1909 ndilo shahidi ambaye hakuajiriwa na idara yoyote.