Kutoka Daily Herald hadi The Sun: Gazeti la Wavujajasho Lilivyobadilishwa Tabaka

Katika mijadala yetu ya siasa mara kwa mara huulizwa: inakuwaje mfanyakazi wa Uingereza, mwenye mapokeo marefu ya vyama vya wafanyakazi, anunue kila asubuhi gazeti linalomtukana? Wengine hujibu upesi kwamba amelewa kasumba ya mabepari. Jibu hilo ni jepesi mno. Hatuna budi kuitazama historia yenyewe.

Daily Herald lilizaliwa London mwaka 1911, likiwa karatasi ya wapiga chapa waliokuwa katika mgogoro na waajiri wao. Mwaka 1922 likashikwa na vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1929 asilimia 51 ya hisa zikaingia mikononi mwa kampuni ya Odhams. Mwaka 1933 lilifikia nakala milioni 2 kwa siku. Lilipofungwa mwaka 1964 bado liliuza zaidi ya nakala milioni 1, nyingi kuliko The Times na The Guardian kwa pamoja. Basi lilikufaje? Wasomaji wake walikuwa wafanyakazi wa kipato kidogo, na wengi umri umekwenda. Wenye bidhaa hawakuona faida ya kuwatangazia. Katika ubepari bei anayolipa msomaji haitoshi kuliendesha gazeti. Mlipaji hasa ni mwenye tangazo la biashara, naye hupiga kura yake bila kusimama kwenye foleni.

Mahali pake pakashikwa na The Sun, ambalo Rupert Murdoch alilinunua mwaka 1969 na kulipunguza ukubwa wa kurasa. Vichwa vya habari vikawa vikubwa, vyenye maneno mawili matatu na mizaha, sentensi fupi, mpira, mbio za farasi, televisheni, umbeya wa watu mashuhuri, na kuanzia 1970 picha za wanawake vifua wazi katika ukurasa wa tatu. Mwaka 1978 likaipita Daily Mirror kwa mauzo.

Tusidharau ufundi huo. Mtu aliyetoka zamu amechoka hakutaka kuhutubiwa. Alitaka kucheka, na gazeti lilizungumza naye kwa lugha ya kiwandani. (Magazeti ya vyama vya kimaendeleo, yanayoandikwa kama kumbukumbu za kikao, yana la kujifunza hapa.) Ila pamoja na kicheko hicho aliuziwa siasa. Mwaka 1970 The Sun liliunga mkono Labour. Mwaka 1979 likamuunga mkono Thatcher. Mwaka 1982 meli ya Argentina, General Belgrano, ilipozamishwa na watu 323 kufa, gazeti lilishangilia kama bao limefungwa.

Wafanyakazi hawakukaa kimya. Mwezi Mei 1984, wakati wa mgomo wa wachimba makaa, wapiga chapa wa The Sun walikataa kuchapa ukurasa wa mbele uliomfananisha Arthur Scargill na Hitler. Mwaka 1986 Murdoch alihamishia uchapaji Wapping na kuwafukuza wafanyakazi zaidi ya 5,000.

Mwaka 1989 mashabiki wa Liverpool walikanyagana na kubanwa hadi kufa uwanjani Hillsborough. Waliopoteza maisha hatimaye walihesabiwa 97. Siku nne baadaye The Sun liliandika uongo kwamba mashabiki waliwaibia maiti. Mji ulisusa, na hadi leo wako wauza magazeti wa Liverpool wasiolipanga mezani.