Mashine ya kazi nyingi nyumbani: ununue ipi na uitumie vipi

Ukiingia dukani siku hizi kuuliza drili, hukosi kuonyeshwa sanduku lenye mashine moja na vichwa vinne au vitano: cha kutobolea, cha kukatia, cha kupigia msasa na kadhalika. Muuzaji atakwambia inamaliza kazi zote za nyumba. Mimi kwa maoni yangu, anza na drili nzuri ya kawaida yenye kitufe cha kugonga, inayozunguka mbele na nyuma, na yenye mdomo wa kushika biti mpaka milimita 13. Hiyo itakutobolea ukuta, mbao na bati, na itakaza skrubu.

Kabla ya kulipa, soma kibandiko cha volti. Umeme wetu Kenya ni wa volti 240. Vifaa vilivyotumika kutoka Uingereza huja kwa wingi, lakini vile vya kwenye mijengo ya huko, vyenye plagi ya manjano, ni vya volti 110. Ukikata plagi hiyo ukatia yetu, mashine itaungua. Za kutoka Oman na Dubai hazina shida hiyo, kwani plagi yao ni ya pini tatu kama yetu. Na kwa za betri, usilipie zaidi kwa sababu sanduku limeandikwa volti 20 na jingine 18. Aghalabu ni betri ile ile: 20 ni kipimo ikiwa imetoka tu kuchajiwa, 18 ni ya kazini.

Sasa ukuta. Nyumba zetu za zamani, Mji wa Kale au Lamu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Hapo zima kabisa kitufe cha kugonga, utoboe polepole kwa biti ya ukuta. Ukigonga, chokaa inamomonyoka na tundu la milimita 8 linakuwa pango. Linta ya zege ni kinyume chake: drili ndogo itapata moto bure, azima au ukodi ile ya nyundo yenye biti za kuchomeka.

Mlango uliovimba wakati wa masika, hapo ndipo namsifu yule mdogo mwenye kisu kinachotikisika. Anapunguza miimo na vipembe ambavyo msumeno haufiki.

Grainda ndiyo inayonitia hofu. Utaona mafundi wengi wameing'oa kinga ili wafunge diski kubwa. Grainda ndogo ya milimita 115 huzunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika. Diski ya milimita 230 kwa kawaida imeandikwa mwisho 6,600. Ukiilazimisha humo inaweza kupasuka vipande usoni mwako, au kwa mtoto aliyesimama kutazama. Vile vile usifunge kisu cha meno cha mbao: kikikwama kidogo tu, mashine inakurukia. Angalia pia pete ya chuma katikati ya diski, pana tarehe ya mwisho wa matumizi. Gundi ya diski hudhoofika kwa unyevu, na huku kwetu unyevu tunao wa kutosha. Iliyopita tarehe, itupe.

Vaa miwani ya kazi, siyo ya jua. Usivae kanzu wala kikoi, wala glavu za kitambaa unapotumia drili, maana biti huzivuta. Ukikata vigae au mawe ya Mazeras, mwagia maji kidogo kama mashine yako imeruhusiwa maji, la sivyo vaa barakoa ya vumbi, kwa kuwa vumbi lake lina silika inayoharibu mapafu. Waya ya ekstensheni ya kuviringwa ikunjue yote, ikibaki imezongwa hupata moto.

Ukimaliza, futa chumvi na vumbi kwa kitambaa kikavu, paka biti mafuta kidogo ya cherehani, na betri uiweke ndani mahali pa baridi, isiachwe imeisha kabisa.