Miezi ya Baridi, Mbulu na Hanang

Mtu wa pwani akisikia neno kipupwe hukumbuka upepo wa kusi na usiku wa kujifunika shuka moja. Huku kwetu miezi hiyohiyo, yaani Juni, Julai na Agosti, ina sura nyingine kabisa. Vijiji vya Kainam na Murray, nyuma ya mji wa Mbulu, viko mita 2,000 hivi juu ya bahari. Asubuhi ukungu hulala mabondeni mpaka saa nne, na mtoto anayekwenda shule huficha mikono kwapani. Nimesoma kwamba katika nchi za Ulaya baridi hufunga milango ya watu. Kwetu ilikuwa kinyume: baridi ndiyo iliyoifungua.

Sababu yake si ngumu. Mahindi, mtama na maharage hupandwa mvua za Novemba na Desemba zinapoanza, na hukomaa baridi inapoingia. Chakula kipo, mvua zimekatika, njia zimekauka. Mtu aliyekuwa na deni la kazi kwa jirani yake alilipa wakati huo, na aliyetaka kusaidiwa kuvuna au kujenga alipika pombe akaita watu. Jioni walikusanyika ndani. Nyumba za zamani za Wairaqw, ambazo wengine ziliingizwa nusu ardhini ubavuni mwa mlima, zilikuwa za watu na mifugo pamoja. Mimi nilizaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Joto la ng'ombe sita au saba halipungui kuliko la jiko, na mgeni aliyechelewa hakufukuzwa arudi kwao gizani.

Kabla ya pombe kunywewa, mzee mmoja alisimama na kusema slufay. Nimewahi kuulizwa na walimu wenzangu kutoka mikoa mingine kama ni wimbo au sala. Ni vyote viwili, na ni zaidi. Msemaji hutoa kauli moja baada ya nyingine, akimwomba Lo'a, ambaye kwa Wairaqw ni Mungu mwenye huruma, alete mvua, uzazi na amani. Waliokaa huitikia kila kauli kwa pamoja. Hawasahauliki Neetlangw, wale wa kuogopwa, wakaao katika chemchemi na mito. Mzee hodari aliweza kuendelea muda mrefu bila kurudia neno, naye aliheshimiwa kama anavyoheshimiwa leo mwanasheria mzuri.

Nasema mwanasheria kwa makusudi. Baada ya slufay ndipo mambo mazito yalipozungumzwa. Fulani amemkopesha fulani mtamba. Ndama wa kwanza ni wa nani? Mpaka wa shamba unapita juu ya mti au chini yake? Msichana ameposwa, je, koo hizi mbili zinaweza kuoana? Maneno yalisemwa mbele ya watu arobaini, na watu hao arobaini ndio waliokuwa hati, muhuri na shahidi. Mwaka uliofuata mtu akikana, walioitikia pamoja naye walikuwapo kumkumbusha.

Sitaki nionekane kana kwamba ninapaka asali mambo ya kale. Pombe ile ilipikwa na wanawake, maji yakabebwa na wanawake, kuni vilevile, lakini neno lilikuwa la wanaume. Zilitokea ngumi pia. Na mimi kama mwalimu nilijua kwamba wakati wa mavuno mahudhurio darasani yangepungua, hata likizo ya Juni ilikuwa nafuu kwetu sote.

Nilipotoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970 nilipangiwa shule upande wa Hanang, katika nyanda za Basotu. Hapo pana ziwa dogo lenye maji baridi na samaki, na chini ya ukingo wa Bonde la Ufa lipo jingine, Balangida, lenye chumvi ambayo wafugaji huwapelekea ng'ombe wao kulamba. Wairaqw wengi walikuwa wamekwisha kuhamia huko kutoka milimani, wakaishi kati ya Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga. Watu wengi huwaita Wamang'ati. Jina hilo limetoka kwa Wamaasai na maana yake ni adui, kwa hiyo ni vizuri kuliacha.

Kwa Wabarabaig nilikuta mkutano uliozidi yote ya kwetu. Mzee wa heshima akifa, hujengewa bung'ed. Kaburi lake huinuliwa kwa udongo, tabaka juu ya tabaka, mpaka liwe kilima kinachozidi kimo cha mtu. Kazi hiyo huchukua miezi, pengine hata tisa, na siku ya mwisho mwanawe hupanda juu yake mbele ya mamia ya watu. Bung'ed niliyohudhuria ilifikia kilele mwezi wa Julai. Upepo ulikuwa mkali, vumbi likapanda, na pombe ya asali ikapita kwa utaratibu wa umri na ukoo bila mtu kupiga kelele. Waliokuja walitoka mwendo wa siku mbili na tatu. Mgeni kama mimi niliona msiba. Wenyeji walikuwa wakiona pia ramani: ukoo huu umezika hapa, basi malisho na maji ya hapa yana wenyewe.

Wakati huohuo matrekta yalikuwa yamekwisha kufika. Shirika la serikali la kilimo na chakula, NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilifungua mashamba ya ngano katika nyanda hizo, yakafika mashamba saba na ekari zinazokaribia 100,000. Taifa lilihitaji mkate, sikatai. Lakini ardhi iliyochaguliwa ilikuwa ileile yenye rutuba ambayo Wabarabaig waliitegemea kwa malisho, na baadhi ya makaburi yale yalilimwa pamoja nayo.

Baraza la kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji kadhaa walikwenda Mahakama Kuu ya Arusha mwaka 1981, wakashinda mwaka 1984. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo. Baraza, ilisemwa, halikuonyesha kwamba liligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa serikali. Na wanakijiji nao hawakuthibitisha kwamba ni wenyeji kwa maana ya sheria. Niliposoma jambo hili la pili nililisoma mara mbili. Mbarabaig athibitishe kwamba ni mwenyeji wa Hanang! Watu ambao kila ukoo wao umeandika jina lake kwa vilima vya udongo walitakiwa walete karatasi, na karatasi hawakuwa nayo kwa sababu daftari lao lilikuwa ule mkutano.

NAFCO yenyewe haipo tena. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika 2001, imezipa haki za kimila uzito sawa na hati, na hilo ni jambo kubwa. Tangu 2002 sisi ni watu wa Mkoa wa Manyara, na ofisi ziko karibu zaidi. Mikusanyiko ya baridi nayo ipo, ila imebadilika: harusi zenye vipaza sauti, ubarikio makanisani, vikao vya kuchangia ada. Slufay husikika kwenye harusi, mara nyingi kwa dakika tano, kisha mshereheshaji huchukua kipaza sauti chake.

Julai iliyopita wapimaji walikuja katika kijiji kimoja karibu na ziwa kuweka alama za mipaka. Walikuwa na vyombo vyao vya setilaiti, nao vijana wa kamati walikuwa na kalamu. Walipofika penye ubishi wakasimama, na mwenyekiti akamtuma mtu kwa pikipiki akamlete mzee mmoja aliyekuwa akiota moto nyumbani. Alishuka akiwa amejifunga blanketi, akauliza kwanza kama wazee wa upande wa pili wameitwa. Hawakuwa wameitwa. Akakaa chini, akakataa kuonyesha kitu mpaka waje, na kazi ikasubiri hadi kesho yake.