Kila Onyo Lina Tarehe Yake: Historia Fupi ya Ushauri Tunaopeana Kuhusu Kompyuta

Katika mwaka wangu wa pili chuoni nilipoteza mahojiano saba. Nilikuwa nimeyarekodi kwa simu huko Kasese, magharibi mwa Uganda, kwa wazee waliowahi kufanya kazi katika mgodi wa shaba wa Kilembe. Wazee wale ni wa makabila mbalimbali, na wengi walizungumza nami kwa Kiswahili, lugha waliyoizoea kazini. Simu yangu ilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo nilihamishia sauti zote kwenye flashi pamoja na maandishi niliyokuwa nimeanza kuyanakili, kisha nikazifuta kwenye simu. Nilipoichomeka flashi ile katika kibanda cha kuchapa karibu na chuo, folda zangu hazikuonekana. Mahali pake palikuwa na alama zenye majina yale yale, kila moja ikiwa na mshale mdogo pembeni. Kijana wa kibanda akasema, “Dada, hii imeliwa na virusi. Tuifomati tu.” Nikakubali.

Siku chache baadaye, mwenzangu anayesomea teknolojia ya habari alinieleza jambo ambalo bado linaniuma. Faili zangu hazikuwa zimeliwa. Kirusi cha aina ile huzificha folda halisi na kuweka njia za mkato zenye majina yake, ili mtu akibofya akiamshe bila kujua. Folda zilizofichwa zingeweza kurudishwa kwa amri moja fupi. Hata baada ya kufomati palikuwa na nafasi ya kuokoa kitu, laiti ningeiacha flashi bila kuiandikia chochote. Mimi usiku ule ule nilipakia nyimbo juu yake.

Sikukosa ushauri. Karatasi iliyobandikwa ukutani mwa kibanda kile ilisema yote: weka nakala, usibofye usichokijua, usimpe mtu neno lako la siri. Nilichokosa ni sababu za ushauri huo. Kwa kuwa ninasoma historia, nimeamua kuyasoma maonyo yale kama tunavyosoma nyaraka: nani alisema kwanza, baada ya tukio gani, na je, hali iliyozaa onyo hilo bado ipo? Hoja yangu ni kwamba kila onyo ni kumbukumbu ya mtu aliyeumia, na anayelitii bila kujua kisa chake hawezi kutambua hatari ikija kwa sura nyingine.

Neno la siri

Nianze na neno la siri, au nywila kama wengine wanavyosema. Katika kompyuta historia yake huanzia chuo kikuu. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, kundi lililoongozwa na Fernando Corbató lilionyesha mfumo ulioitwa CTSS, uliowezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kompyuta ilikuwa ghali mno, na kila mtumiaji alipangiwa muda wake. Ilibidi faili za huyu zitenganishwe na za yule, na muda wa kila mmoja uhesabiwe. Ndipo kila mtumiaji akapewa neno lake la siri.

Haukupita muda mrefu kabla ya neno hilo kuibwa, na mwizi hakuwa jasusi. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, Allan Scherr, ambaye saa 4 alizopangiwa kwa wiki hazikumtosha kwa utafiti wake. Mwaka 1962 aligundua kwamba angeweza kuiomba kompyuta imchapie faili lolote, akaomba lile lenye maneno ya siri ya watu wote. Kompyuta ikamchapia. Alikiri miaka 25 baadaye. Mwaka 1966 mfumo huo huo ulifanya kosa bila mwizi yeyote: wasimamizi wawili walikuwa wakihariri mafaili mawili kwa wakati mmoja, moja la salamu za kuwakaribisha watumiaji, jingine la maneno ya siri. Mafaili yakabadilishana nafasi. Kila aliyeingia akaonyeshwa maneno ya siri ya wenzake wote.

Visa hivi viwili havikusababishwa na uchaguzi mbaya wa maneno. Watumiaji hawakukosea lolote. Aliyeyahifadhi ndiye aliyeyaweka wazi. Ndiyo maana mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson, wa maabara ya Bell, walipoandika juu ya usalama wa maneno ya siri walieleza njia ya kuyahifadhi yakiwa yamevurugwa, kiasi kwamba hata anayeliiba faili hapati maneno yenyewe moja kwa moja. Lakini walionyesha pia udhaifu wa upande wetu. Walikusanya maneno ya siri 3,289 na kukuta kwamba 2,831, yaani asilimia 86, yalikuwa rahisi kubahatisha: mafupi mno, au ya kamusini, au majina.

Historia wakati mwingine ina kejeli. Tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell alifungulia kwenye intaneti ya wakati ule programu iliyojisambaza yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Moja ya mbinu zake ilikuwa kubahatisha maneno ya siri dhaifu. Makisio yanayotajwa zaidi ni kwamba iliingia katika kompyuta 6,000 hivi, wakati mtandao wote ulikuwa na kompyuta zipatazo 60,000. Mwanafunzi huyo ni Robert Tappan Morris, mwana wa yule Morris wa mwaka 1979. Baba alionya, mwana akathibitisha mbele ya dunia kwamba onyo halikusikilizwa. Alihukumiwa kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kazi ya jamii na faini.

Ugonjwa unaosafiri mkononi

Kirusi kilichoniponza mimi kina ukoo mwingine. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika programu iliyojulikana kwa jina la Brain. Walisema walitaka kuilinda programu yao isinakiliwe bila malipo. Brain ilijificha mwanzoni mwa diski laini, na ndani yake waliandika majina yao, anwani na namba za simu ili aliyepatwa awasiliane nao. Haikuhitaji mtandao. Ilisafiri kwa mikono ya watu waliopeana diski, ikavuka bahari.

Huku kwetu njia hiyo ya mkono iliendelea kuwa barabara kuu kwa muda mrefu. Hadi mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani ya Afrika Mashariki, intaneti yetu ilitegemea zaidi setilaiti, nayo ilikuwa ya polepole na ya gharama kubwa. Kwa nchi isiyo na pwani kama Uganda, gharama haikuisha siku nyaya zilipofika Mombasa. Mhadhara, filamu, kazi ya kikundi, vyote vilipita kwenye flashi. Programu za kupambana na virusi zilihitaji kusasishwa kwa intaneti ambayo haikuwepo, kwa hiyo kompyuta za vibanda zilikuwa na kinga ya mwaka juzi dhidi ya maradhi ya mwaka huu.

Windows za zamani, kama XP, ziliongeza tatizo: ziliweza kuendesha programu iliyomo kwenye flashi mara tu inapochomekwa. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuizima tabia hiyo. Watunzi wa virusi hawakuacha kazi, walibadili mbinu. Kwa kuwa kompyuta haikiamshi kirusi tena, ilibidi mwenye flashi akiamshe kwa kidole chake. Zile alama zenye mishale zilikuwa mtego wa namna hiyo. Ningejua kisa hiki, ningeelewa kwamba kirusi kile kilihitaji folda zangu ziwepo, kwani bila jina la folda yangu kisingekuwa na cha kunidanganyia.

Barua ya mapenzi

Onyo la kutobofya lina tarehe kamili. Tarehe 4 Mei 2000 watu duniani kote walipokea barua pepe yenye kichwa cha “nakupenda” kwa Kiingereza, na kiambatisho kilichoonekana kuwa maandishi ya kawaida. Kwa kuwa Windows ilikuwa imewekwa kuficha herufi za mwisho za majina ya mafaili, wengi hawakuona kwamba ile ilikuwa programu. Aliyeifungua aliituma kwa kila mtu aliyekuwa kwenye orodha yake ya anwani. Iliandika juu ya picha zake na kuziharibu, lakini faili za muziki za MP3 ilizificha tu. Nilipolijua hilo niliikumbuka flashi yangu.

Mtunzi wake, Onel de Guzman wa Ufilipino, alikuwa amesomea chuo cha kompyuta mjini Manila. Pendekezo lake la utafiti kuhusu programu ya kuiba maneno ya siri ya intaneti lilikataliwa na chuo. Miaka 20 baadaye alikiri, akasema alitaka kupata intaneti ambayo hakuwa na uwezo wa kuilipia. Mashtaka yalifutwa, kwa sababu siku ya tukio nchi yake haikuwa na sheria ya kosa hilo. Sheria ilipitishwa mwezi uliofuata. Simtetei, lakini naona mfanano: Scherr alitaka muda wa kompyuta, de Guzman alitaka intaneti. Kila mahali penye uhaba pana mwanafunzi anayetafuta mlango wa nyuma. Leo barua ya mapenzi huja kwa simu, mtu akisema ametuma pesa kwenye namba yako kimakosa, au umeshinda zawadi, anachohitaji ni namba yako ya siri tu. Chambo kimebadilika, ndoano ni ile ile.

Maonyo yaliyozeeka

Yapo pia maonyo ambayo muda wake umepita. Wengi wetu tumeambiwa neno la siri libadilishwe kila baada ya miezi mitatu, na liwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Kanuni hizo zilienezwa na mwongozo ulioandikwa mwaka 2003 na Bill Burr, wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Mwaka 2017 NIST iliziondoa, na Burr mwenyewe, akiwa amestaafu, akasema anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Watu walikuwa wakibadili 1 kuwa 2 mwishoni mwa neno lile lile. Sasa kinachosisitizwa ni urefu, na kutotumia neno moja kila mahali. Hata hivyo, karatasi za ukutani bado zinasema miezi mitatu.

Onyo jingine halijazeeka, ila tunalichoka: sasisha mfumo. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu fulani. Tarehe 12 Mei mwaka huo programu iliyoitwa WannaCry ilipita katika tundu hilo hilo, ikafunga mafaili na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Dawa ilikuwepo kwa takriban miezi miwili.

Nakala iliyobaki

Ninarudi kwenye kibanda. Baada ya kuelezwa na mwenzangu nilirudi pale nikiwa na tumaini dogo: wiki moja kabla ya mkasa nilikuwa nimechapisha maandishi ya mahojiano mawili. Kijana aliniruhusu nitafute. Yalikuwepo, pale pale mbele ya skrini, kama nilivyoyaacha. Nililia kwa furaha. Kisha nikatazama kilichoyazunguka: nakala za vitambulisho vya taifa, vyeti vya mitihani, barua za kuomba kazi zenye namba za simu, hata fomu ya hospitali. Na katika maandishi yangu mwenyewe mlikuwa na jina la mzee mmoja, kijiji chake, na mambo aliyonieleza juu ya ugomvi wa ardhi katika ukoo wao, akiamini kwamba yanabaki kati yetu.

Uzembe ule ule ulioniokoa mimi ulikuwa umemuanika yeye. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu mwaka 2019, lakini sheria hiyo haikai kwenye kompyuta ya kibanda. Aliyekaa pale ni mimi, na mzee alinikabidhi mimi. Nilinakili maandishi yangu, nikayafuta pale, nikalimwaga na pipa la taka la kompyuta. Kijana aliniuliza kama ningemsaidia kufuta na ya wengine. Tulikaa hadi giza likaingia.

Mahojiano matano sikuyapata. Nilisafiri tena Kasese wakati wa likizo. Wazee wanne walikubali kurudia. Wa tano alikuwa ametangulia mbele ya haki, na sauti yake ilikuwa katika flashi ile peke yake.

Sasa kila rekodi ninaihifadhi mahali patatu, pamoja na sehemu moja iliyo mbali na chumba changu. Majina ya wazee nimeyatenga katika daftari lisiloingia kwenye kompyuta, na kwenye mafaili ninatumia namba. Ninapochapisha kibandani ninafuta kabla sijalipa. Na tatizo likitokea, ninaondoa mkono kwanza na kuuliza: hiki kimepotea, au kimefichwa tu? Swali hilo lingenitosha siku ile. Ningependa liandikwe kwenye karatasi ya ukutani, chini ya maonyo mengine.