Kupiga Picha Ndege wa Pwani Jua Likizama



Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi nilimpiga sululu kwa manati, pwani, saa ile jua linapozama. Alikuwa amesimama ukingoni mwa maji, na mwanga wa jioni ulimwangukia ubavuni hata kila unyoya wake ukaonekana peke yake. Nilimtaka. Lakini nilipomshika mkononi alikuwa ndege wa rangi ya vumbi, na ule uzuri niliouona haukuwamo tena. Baadaye nilikuja kusoma kwamba wataalamu wa Ulaya nao walifanya vivyo hivyo miaka mingi: aliyetaka kumjua ndege alimwua kwanza, akamjaza pamba, akamweka kabatini. Basi leo nataka kuwaeleza jinsi watu walivyojifunza kumchukua ndege bila ya kumwua, na kwa nini saa ya jioni iliwashinda kwa muda mrefu.

Katika 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia yake ya kupiga picha juu ya kioo. Mpiga picha alipaka kioo dawa, akakitia katika kamera kingali majimaji, kisha akakisafisha papo hapo kabla hakijakauka. Kwa hiyo alikwenda na hema la giza, na chupa, na ndoo. Ndege gani angemngoja mtu huyo? Ndipo katika 1871 daktari mmoja, Richard Leach Maddox, alipoeleza namna ya kutengeneza kioo kikavu. Haukupita muda mrefu vioo hivyo vikawa vyauzwa madukani tayari, na mtu aliweza kuvichukua mkobani akaenda zake mwituni au pwani.

Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alikuwa Naples, katika nchi ya Italia. Alikuwa mtaalamu wa mwendo wa viumbe, akataka kujua bawa la ndege hupita njia gani angani. Akatengeneza bunduki isiyo na risasi. Ilikuwa na mtutu na kitako na mahali pa kidole, lakini ndani yake kilizunguka kioo, nayo ilipiga picha 12 kwa sekunde moja. Akawa akilenga shakwe wanaopita juu ya bahari, akivuta, na shakwe wakienda zao wazima. Nadhani wavuvi waliomtazama walimhesabu kuwa mwindaji mbaya kupita wote.

Baada yake walitokea ndugu wawili wa Yorkshire, Uingereza, Richard na Cherry Kearton. Wao walitaka kumpiga picha ndege akiwa nyumbani kwake, hajui kama anatazamwa. Katika 1895 walitoa kitabu cha viota vya ndege wa Uingereza, chenye picha zilizopigwa mahali penyewe. Wakajifunza kujificha. Walifanya hata ng'ombe wa bandia, ngozi juu na uwazi ndani, mtu akaingia tumboni pamoja na kamera yake. Huyu Cherry alifika huku kwetu Afrika ya Mashariki mwaka 1909 kupiga picha za wanyama. Alikufa London katika 1940, alipokuwa ametoka tu katika nyumba ya redio kuwahadithia watoto; jambo hili halimo katika mazungumzo yetu, lakini mimi ninayesema redioni siwezi kulipita.

Sasa na tuitazame jioni yenyewe. Jua likiwa juu, mwanga wake hushuka moja kwa moja, na mgongo wa ndege hung'aa na tumbo lake huwa giza. Likiinama, mwanga hupita ubavuni, ukaonyesha miguu, na macho, na mistari ya mabawa. Lakini mwanga huo hupita katika hewa nyingi kabla ya kutufikia, na hewa huutawanya ubuluu wake. Unaobaki ni wa manjano na mwekundu. Na vile vioo vya zamani vilikuwa vipofu wa wekundu! Viliona buluu na urujuani tu. Mpiga picha aliona dunia nzima imejaa dhahabu, lakini kioo chake kiliona kama usiku umekwisha ingia. Yuko ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda chini kidogo, huzaliwa kaskazini ya Siberia naye hukaa pwani zetu miezi mingi. Karibu na Aprili, kabla ya kurudi kwao, kifua chake huwa chekundu kama tofali. Kioo cha zamani kingemtoa mweusi.

Aliyefungua mlango ni Hermann Wilhelm Vogel, mwalimu wa Berlin. Katika 1873 aliona kwamba dawa ya kioo ikitiwa rangi fulani, huanza kuziona rangi ilizokuwa haizioni. Kazi hiyo ilikwenda polepole. Vioo vya kuona rangi zote pamoja na nyekundu vilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1906. Kisha ikaja filimu ya rangi, Kodachrome, katika 1935, na siku hizi kamera zisizotumia filimu kabisa.

Hata hivyo chombo hakitoshi, maana ndege wa pwani hawafuati saa ya mtu, wafuata maji. Maji yakipwa hutawanyika mbali matopeni wakila. Yakijaa hukusanyika juu ya fungu au ufuko ulio mkavu. Watu wa pwani hawana haja ya kuambiwa haya. Siku za bamvua huku kwetu maji hujaa kama saa kumi alasiri, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji hujaa jua likikaribia kuzama, nao ndege huletwa karibu katika mwanga ule ule mzuri. Ndivyo ilivyo katika hori ya Mida kule Kenya, na penye midomo ya Rufiji.

Lakini hapo ndipo ninapoogopa. Ndege aliyepumzika wakati wa maji kujaa anatunza mafuta ya safari ya maelfu ya maili, naye huenda asizidi gramu 60. Mtu akimwendea kwa haraka ili apate picha ya kundi likiruka, anamnyang'anya mafuta hayo. Akifanya hivyo kila jioni, sioni kama amepishana sana na mimi na manati yangu.

Ajuaye kazi hii hufika maji yangali mbali. Huketi chini, mgongo akilipa jua, akajifunika nguo ya rangi ya mchanga, asiinuke. Ndege husukumwa na maji, hatua kwa hatua, mpaka wamkaribie wenyewe. Hupiga picha zake wakati jua likiwapo, na likisha kuzama huendelea kuketi gizani, mbu wakimla, mpaka maji yapungue na ndege watangulie kuondoka.