DAKTARI WA MBWENI ALIYEHAMIA KWENYE MITI

Mchezaji akitundika daruga, swali la kwanza mtaani ni moja: sasa atakula wapi? Wengi huishia ukocha. Wa kwenda kusomea misitu ni wa kuhesabu. Lakini Unguja iliwahi kuwa na bwana mmoja aliyeruka mbali hivyo hivyo, kutoka udaktari hadi mimea, na nyumba yake ilikuwa hapo hapo Mbweni.

Huyo ni John Kirk, Mskoti. Alimaliza udaktari Edinburgh mwaka 1854, akafanya kazi hospitali wakati wa vita vya Crimea. Mwaka 1858 akaingia msafara wa Livingstone wa mto Zambezi, awatibu wenzake na akusanye mimea. Sasa sikia balaa. Mwaka 1860 mtumbwi wake ulipinduka kwenye maporomoko ya Kebrabasa. Yeye akatoka hai, ila madaftari yake ya mimea pamoja na michoro yakaenda na maji. Kazi ya miaka, kwisha! Mwengine angerudi zake kwenye dawa na bandeji.

Yeye akaja Zanzibar 1866 kama daktari wa ubalozi wa Uingereza, akapanda cheo hadi konseli mkuu. Ndiye aliyembana Sultan Barghash mpaka mkataba wa 1873 ukafunga soko la watumwa. Hayo shuleni yanasomeshwa. Kisichosemwa ni kwamba Mbweni alikuwa na shamba la majaribio, anapanda miti ya kigeni, anakausha majani na kuyapeleka bustani ya Kew, London. Yaani mshahara wa siasa, roho iko kwenye miti.

Na bado bahati ikamkimbia. Mwaka 1884 alipeleka Kew ua dogo la zambarau kutoka bara, sampuli zikaonekana hazitoshi. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul, akalikuta Usambara, na ua likapewa jina lake: Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima, Kirk hatajwi.

Kilichombakia ni kima punju, ambaye kitaalamu anaitwa kirkii tangu 1868. Ukienda Jozani ukamuona yule mwenye nywele kama mzee aliyeamka sasa hivi, huyo ndiye wa daktari wa Mbweni.